Je, Mjumbe wa Fomula Hauawi?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Aliyetumwa kupeleka habari asibebeshwe lawama ya habari yenyewe. Kama barua ina matusi, agombezwe aliyeiandika, si aliyeibeba. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na siku moja niliitumia kujitetea. Sikuitamka kwa maneno hayo, lakini nilichosema kilikuwa na maana hiyo hiyo. Katika insha hii nataka kupima kama nilikuwa na haki ya kujitetea hivyo. Swali langu ni hili: mtu anayechukua fomula ya hisabati iliyoandikwa kwa alama na kuigeuza kuwa programu ambayo kompyuta itaitekeleza, je, ni mjumbe tu, au ni mshiriki katika kila kitakachotendwa na programu hiyo?

Nianze na tukio lililonifanya niulize. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari magharibi mwa Uganda, walimu walikuja kujua kwamba ninasoma Kiswahili pamoja na Hisabati, na kwamba ninaweza kuandika programu ndogo ndogo kwa lugha ya Python. Shule ilikuwa inaanzisha masomo ya ziada ya jioni kwa kidato cha pili, na nafasi zilikuwa chache. Ilikubaliwa kwamba atakayeingia ni yule atakayepata asilimia 58 au zaidi katika jaribio, kwa kuwa huo ndio uliokuwa wastani wa darasa muhula uliotangulia. Jaribio lilisahihishwa kwa alama 50. Mkuu wa taaluma akaniandikia fomula kwenye kipande cha karatasi: alama gawanya kwa 50, zidisha kwa 100. Chini yake akaongeza kanuni ya shule: desimali zinakatwa, hazipandishwi. Mwenye 57.9 ana 57.

Niliigeuza fomula ile kuwa mstari mmoja wa programu. Sikubadilisha kitu. Gawanya ilibaki gawanya, zidisha ikabaki zidisha, kata ikabaki kata. Orodha ikatoka, ikabandikwa ukutani.

Siku iliyofuata msichana mmoja alinifuata nje ya chumba cha walimu, karatasi yake ya jaribio mkononi. Alikuwa amepata 29 kati ya 50, lakini kwenye orodha alikuwa na 57. Alinisalimia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Samahani mwalimu, 29 mara mbili si 58?” Niliitazama karatasi, nikaitazama orodha. Nikamjibu, “Ni kompyuta iliyokokotoa, si mimi.” Akasema, “Asante, mwalimu,” akaondoka.

Jioni nilifungua kompyuta nikaandika: 29 gawanya kwa 50, zidisha kwa 100. Ikanijibu 57.99999999999999. Ukikata desimali, inabaki 57.

Kompyuta haikuwa mbovu, wala mimi sikukosea kuandika. Sisi tunaandika namba kwa msingi wa kumi, na katika msingi huo theluthi moja haina mwisho: 0.333 na kuendelea. Kompyuta huandika kwa msingi wa mbili, na katika msingi huo hata 0.58 haina mwisho. Kwa kuwa nafasi ya kuihifadhi ina mipaka, yaani biti 53 za tarakimu katika mfumo unaotumiwa na kompyuta nyingi, mashine huhifadhi namba iliyo karibu zaidi. Kwa 0.58, namba hiyo ni pungufu kidogo sana. Ukizidisha kwa 100, upungufu unabaki. Kwa kawaida hakuna anayeuona. Lakini ukiiamuru mashine ikate desimali, upungufu usioonekana unakula alama nzima.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba ningetanguliza kuzidisha kwa 100, kisha nikagawanya kwa 50, jibu lingekuwa 58 kamili. 29 mara 100 ni 2900, nayo inagawanyika kwa 50 bila baki. Katika hisabati njia hizo mbili ni kitu kimoja, na mwalimu yeyote angezipa alama sawa. Katika mashine, njia moja ilimwingiza msichana darasani na nyingine ilimwacha nje. Mimi ndiye niliyechagua njia, ingawa wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nachagua.

Hapo ndipo ninapoona kwamba methali ya mjumbe inaanza kuyumba. Mwanafunzi wa lugha anaweza kulielewa jambo hili kupitia sarufi. Nikisema “mtoto anasoma”, nimetoa kauli. Inaweza kuwa kweli au si kweli. Nikisema “mtoto, soma!”, nimetoa amri. Amri haiwi kweli wala uongo. Inatekelezwa au haitekelezwi, na ikitekelezwa, lazima awepo mtoto fulani, kitabu fulani, na mwanga wa kusomea. Fomula ya hisabati ni ya kundi la kwanza. Inasema kwamba kitu hiki ni sawa na kile, haijali nani anakokotoa wala kwa chombo gani. Programu ni ya kundi la pili. Ukiandika x = x + 1 katika daftari la hisabati, mwalimu ataikata kwa wino mwekundu, kwa sababu hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongezea moja. Katika Python ni amri halali kabisa: chukua kilichomo katika x, ongeza moja, kirudishe. Alama ni ile ile, lakini kazi yake si ile ile.

Kwa hiyo anayegeuza fomula kuwa programu anageuza kauli kuwa amri, na kauli ina ruhusa ya kunyamaza mahali ambapo amri haiwezi. Fomula ya mkuu wa taaluma haikusema lolote kuhusu mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio. Programu haikuweza kunyamaza juu yake: ilipaswa ama impe sifuri, ama imruke, ama isimame. Fomula haikusema ni namba za aina gani zitumike, wala ianze hatua ipi. Programu ilipaswa kuchagua yote hayo. Kila mahali fomula iliponyamaza, nilisema mimi.

Jambo hili si geni kwa anayesoma tafsiri. Kiswahili kinaweza kusema “amefika” bila kutaja kama aliyefika ni mwanamke au mwanamume. Anayeipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza mara nyingi hujikuta akichagua moja. Kama mwandishi hakusema, mtafsiri atasema kwa niaba yake, na msomaji wa tafsiri hatajua kwamba neno lile lilitoka kwa mtafsiri. Si bahati tu kwamba lugha ya FORTRAN, ambayo kampuni ya IBM iliitoa mwaka 1957 baada ya kazi ya kundi lililoongozwa na John Backus, ilipewa jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutafsiri fomula. Waliounda mojawapo ya lugha za kwanza za programu zilizoenea walijua kwamba kazi hiyo ni tafsiri. Mjumbe hauawi kwa sababu hakuifungua barua. Mtafsiri ameifungua, ameisoma, na ameandika nyingine.

Sasa nisikilize wanaoweza kunipinga. Wa kwanza atasema kwamba ninakuza jambo dogo. Upungufu ulikuwa katika tarakimu ya mbali mno nyuma ya nukta. Nani angelaumiwa kwa kitu kama hicho? Ninajibu kwamba udogo wa kosa katika hesabu hautuambii ukubwa wa madhara yake. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraq lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudia, na kuua watu 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda eneo hilo haukulizuia. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha programu ikazidisha hesabu hiyo kwa 0.1 ili kupata sekunde. Lakini 0.1, kama 0.58 yangu, haina mwisho katika msingi wa mbili, nayo ilihifadhiwa kwa biti 24 tu. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo, na kosa likakua hadi kufikia theluthi moja hivi ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud huruka zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta angani mahali ambapo halikuwapo.

Fomula ya muda ilikuwa sahihi. Idadi ya sehemu za kumi ukizidisha kwa 0.1 ni sekunde. Hakuna mwanahisabati atakayebisha. Tena, dalili za tatizo zilikuwa zimeripotiwa kabla ya siku hiyo, na programu iliyorekebishwa ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya vifo. Sisemi kwamba jaribio la kidato cha pili ni sawa na vita. Ninasema kwamba kosa ni la ukoo mmoja, na kwamba anayegeuza fomula mara nyingi hajui itapelekwa wapi baada ya kutoka mikononi mwake.

Mpinzani wa pili atasema kwamba tatizo ni kutafsiri kwa mkono, basi tuiachie mashine kazi hiyo. Hoja hii ina uzito. Zipo zana zinazofanya hisabati ya alama, kwa mfano SymPy katika lugha ya Python. Zana hiyo haikimbilii kukokotoa. Inauhifadhi usemi wa kihisabati kama mti wenye matawi, herufi zikibaki herufi na sehemu zikibaki sehemu, na inapoagizwa ndipo inaugeuza kuwa programu inayoweza kutekelezwa. Niliijaribu baadaye kwa fomula ya shule. Niliandika a gawanya kwa 50, zidisha kwa 100, nayo papo hapo ikaurahisisha usemi huo kuwa 2a. Niliitazama skrini nikacheka peke yangu, nikiwa na aibu kidogo. Hicho ndicho alichokiona msichana yule nje ya chumba cha walimu: 29 mara mbili.

Hata hivyo, zana haikuondoi wewe katika wajibu. Tuchukue fomula ambayo kila aliyemaliza sekondari aliikariri, ile ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Jaribu mlinganyo ambao x² inatolewa 100,000,000x kisha inaongezwa 1, jumla yake sifuri. Jibu dogo kati ya mawili ni takribani 0.00000001. Ukiigeuza fomula ya shuleni kuwa programu hatua kwa hatua, kompyuta inatoa takribani 0.00000000745. Robo nzima ya jibu imepotea, kwa sababu mashine imetoa namba moja kubwa kutoka kwa nyingine inayokaribia kulingana nayo, na tarakimu zilizokuwa na maana zimefutika. Ipo sura nyingine ya fomula hiyo hiyo, ambayo badala ya kutoa inagawanya 2c kwa jumla, nayo inatoa jibu zuri. Kwa macho ya aljebra sura hizo mbili ni sawa. Zana inayojua usawa wa kialjebra peke yake haina sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Anayejua ni namba gani zitakuja ndiye anayeweza kuchagua. Na waliotengeneza SymPy wenyewe wanatoa onyo katika maelezo yao: chombo kinachogeuza usemi kuwa programu hutekeleza kile kinachopewa, kwa hiyo kisilishwe usemi ambao haujakaguliwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya kitu kinachofanana na hisabati. Hata hapo, kazi ya kuamua nani wa kuaminiwa imerudishwa kwa binadamu.

Mwanafalsafa Leibniz, katika karne ya 17, aliota kuhusu lugha ya alama itakayomaliza mabishano: wanaopingana wangekaa chini, wakokotoe, na ukweli uonekane. Ni ndoto nzuri, na kompyuta zimetuleta karibu nayo kuliko alivyoweza kudhani. Lakini mimi na msichana yule tulikokotoa wote wawili, na ubishi wetu haukuishia hapo. Hapo ndipo ulipoanza. Yeye alikuwa na kichwa chake, mimi nilikuwa na mashine, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, mashine ikashinda. Jibu halikushinda kwa kuwa sahihi. Lilishinda kwa sababu ya mahali lilipotoka.

Mpinzani wa tatu ndiye anayenisumbua zaidi. Atasema: mzigo unaotaka kuubebesha ni mzito kupita kiasi. Nani anaweza kujua kila namba isiyo na mwisho katika msingi wa mbili, kila hatua inayopoteza tarakimu, kila matumizi ya baadaye? Ukimlaumu mtunga programu kwa asichokijua, hakuna atakayethubutu kuandika hata mstari mmoja, na shule itarudi kukokotoa kwa mkono, ambako makosa ni mengi zaidi.

Ninakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Sidhani kwamba nilitenda uovu nilipoandika gawanya kabla ya zidisha. Sikujua, na kutojua huko kulikuwa kwa kawaida kwa mwanafunzi kama mimi. Kama ningehukumiwa kwa mstari ule peke yake, ningeomba nisamehewe na nadhani ningestahili. Lakini nikijichunguza, kosa langu halisi halikuwa katika mstari ule. Lilikuwa katika sentensi niliyoitamka siku iliyofuata. Mtu aliyeathirika alikuja na ushahidi mkononi, hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, nami sikumsikiliza. Nilikuwa na njia ya kujua, nikaifunga kwa maneno “ni kompyuta”. Kabla ya swali lake nilikuwa mtu asiyejua. Baada ya swali lake nilikuwa mtu aliyekataa kujua, na hiyo ni hali nyingine kabisa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la insha hii ni kwamba anayegeuza fomula kuwa programu si mjumbe, kwa sababu amechagua mengi ambayo aliyemtuma hakuyasema. Lakini wajibu wake si kutokosea kamwe; hilo hakuna awezaye. Naona ana wajibu wa aina tatu. Kwanza, ayataje machaguo yake kwa aliyemtuma: hapa fomula yako imenyamaza, je, nifanyeje? Pili, kabla ya kukabidhi kazi, achukue mifano michache na kuikokotoa kwa mkono, hasa ile iliyo karibu na mpaka, kwa kuwa pale kwenye mpaka ndipo kosa dogo linapobadilisha maisha ya mtu. Tatu, na huu ndio mkubwa, aache mlango wazi kwa anayekuja kusema kwamba jibu si sahihi, na asimjibu kwa jina la mashine. Mashine haiwezi kusema “nimekosea”. Kama mimi nami nikikataa kusema, hakuna atakayesema, na kosa litabaki bila mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea mkuu wa taaluma nikamweleza. Alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Alichukua kalamu akapitia karatasi zote pamoja nami. Waliopata 29 walikuwa watatu. Majina yao yaliongezwa kwenye orodha kwa mkono, chini ya yale yaliyochapwa.

Nilimtafuta yule msichana wakati wa mapumziko. Nikamwambia kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na kwamba jioni aje darasani. Alifurahi, kisha akanitazama kidogo akauliza, bila ubishi, kama mtu anayetaka kuelewa tu: “Kwani mwalimu, si ulisema ni kompyuta?”

Nikamwambia, “Nilisema hivyo. Lakini ni mimi.”